Kuendesha Baiskeli Kando ya Mto Schuylkill: Ushauri kwa Anayetaka Kufika Valley Forge

Njia ya baiskeli inayofuata Mto Schuylkill kutoka mji wa Philadelphia hadi hifadhi ya kihistoria ya Valley Forge ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote aliyejua baiskeli utotoni, akaiacha kwa miaka mingi, na sasa anataka kuirudia akiwa huku Pennsylvania. Kwenda tu ni kama kilomita 35, sehemu kubwa ni lami, na kwa muda mrefu wa safari mto uko ubavuni mwako na magari yako mbali. Kinachowashangaza wengi ni kwamba njia tambarare namna hiyo inaweza kumchosha mtu kuliko barabara yenye vilima. Ukijua ilikotoka, utajua pia namna ya kuiendea.

Sehemu kubwa ya njia hii haikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Kampuni ya Schuylkill Navigation ilipewa kibali mwaka 1815, na kufikia mwaka 1825 ilikuwa imekamilisha mfululizo wa mabwawa, mifereji na malango ya maji wenye urefu wa kilomita 174 hivi, kutoka kwenye migodi ya makaa ya mawe hadi Philadelphia. Nyumbu, yaani wanyama wanaozaliwa na punda na farasi, walitembea ukingoni wakivuta matishari kwa kamba, na kwa kuwa nyumbu mwenye mzigo wa tani nyingi nyuma yake hapandishwi mlima, kazi ya kupanda na kushuka iliachiwa maji yaliyojazwa na kupunguzwa ndani ya malango. Mwaka 1842 reli ya Philadelphia and Reading ilianza kusomba makaa kutoka Pottsville, mji wa migodini, mfereji ukapata mshindani asiyesimamishwa na barafu wala ukame, na mwaka 1870 kampuni hiyo ya reli ikaukodi mfereji wenyewe. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Pennsylvania Railroad, hasimu wa Reading, nayo ikalaza reli yake katika bonde hilohilo. Reli ya Reading bado inapitisha treni za abiria za Norristown. Ile ya Pennsylvania ilikufa, vyuma vikang'olewa, na tuta lake ndilo lililotiwa lami tunayoiendesha leo kati ya mpaka wa Philadelphia na Valley Forge.

Treni, kama nyumbu, haipendi mlima. Ndiyo maana unapopita mji wa Conshohocken unakuwa juu ya tuta ambalo mpando wake ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni. Mapafu yanashukuru, lakini sehemu nyingine za mwili zinalipa. Kwenye barabara ya vilima mtu hupanda, kisha huserereka, na wakati wa kuserereka ndipo anapojiinua kidogo kwenye siti, analegeza viganja na kunyoosha shingo bila hata kufikiri. Hapa hakuna mteremko wa kukupa nafasi hiyo. Unakanyaga pedali bila kukoma, katika mkao mmoja, na baada ya saa moja na nusu maumivu hayako kwenye mapaja bali kwenye makalio, viganja na mabega. Jipangie mwenyewe mapumziko ambayo ardhi haikupi: kila baada ya dakika kumi hivi simama juu ya pedali, acha baiskeli ijiendee mita chache, na ubadilishe mahali unaposhika usukani. Tumia gia nyepesi na kukanyaga kwa haraka, badala ya gia nzito inayokufanya ujione shujaa kwa nusu saa ya kwanza na kukuumiza magoti baadaye.

Siti ndiyo inayostahili umakini kuliko kitu kingine chochote kabla ya kuondoka. Kaa juu yake ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na uangalie kama mguu umenyooka. Ukiwa umekunjika, siti iko chini mno. Wengi wetu tulijifunzia baiskeli za wakubwa, tukapenda kukaa chini ili miguu iguse ardhi, na mazoea hayo yanavumilika kwa safari ya dukani tu.

Jambo la pili linawahusu hasa waliokulia Tanzania, Kenya na Uganda, ambako tunapita kushoto. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaweza kuruka aya hii. Huku watu hukaa kulia, na anayetaka kumpita mwenzake hupita kushoto baada ya kupiga kengele au kusema kwa sauti kwamba anapita. Njia ikiwa tupu si vigumu kukumbuka. Mtihani unakuja pale mtu anapochomoza ghafla kwenye kona, kwa sababu mwili hukwepa kufuata mazoea ya utotoni na kukupeleka kushoto, ambako ndiko anakokuja mwenzako. Breki nazo zimegeuzwa. Kwenye baiskeli nyingi za nyumbani, zilizofuata desturi ya Kiingereza, mkono wa kulia hukamata gurudumu la mbele, ilhali kwenye zinazouzwa Marekani mkono wa kulia hukamata la nyuma na wa kushoto la mbele. Mtu anayebana kwa nguvu mkono wa kushoto akidhani anasimamisha gurudumu la nyuma anaweza kurushwa juu ya usukani. Kabla ya kuingia njiani, zunguka mahali penye nafasi, jaribu kila breki peke yake, halafu jifunze kuzibana zote mbili pamoja taratibu.

Njia yenyewe haifanani mwanzo hadi mwisho. Kutoka jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia unapita nyumba za vilabu vya makasia na kufuata Kelly Drive, penye watembea kwa miguu wengi, watoto, na mabata bukini wanaochafua lami kiasi kwamba baada ya mvua panateleza. Mwendo wa polepole ndio unaofaa hapa, na siku za mapumziko ni bora kuamka mapema kuliko kugombana na watu. Baadaye unapita kando ya barabara yenye magari kabla ya kufika mtaa wa Manayunk, na hapo ndipo mfereji wa zamani unapojitokeza ukiwa bado na maji, pamoja na majengo ya viwanda vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji hayo.

Kwa maoni yangu Manayunk ndipo mahali pa kushuka na kutazama. Unapita palepale walipopita nyumbu, mfereji uko upande mmoja, na mto wenyewe, ulio chini kidogo, uko upande wa pili; ukisimama kati ya maji hayo mawili unaelewa kazi ya mfereji kwa haraka kuliko kwa kusoma kibao chochote. Juu yako linapita daraja refu la matao ya zege lililojengwa na Pennsylvania Railroad na kumalizika mwaka 1918, ambalo tangu mwaka 2015 ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Lakini sehemu hii si lami. Ni kokoto laini na mbao, na mbao zikilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo usipige kona wala kubana breki ukiwa juu yake. Matairi membamba ya mashindano yanapita, ila kwa mateso. Tairi la upana wa milimita 32 au zaidi, lisilojazwa upepo hadi likawa gumu kama jiwe, linakufaa mahali hapa na pia kwenye lami ya mbele, ambayo mizizi ya miti imeiinua hapa na pale.

Ukitoka mjini, lami ya tuta la reli inanyooka kupitia Spring Mill, Conshohocken na Norristown. Kishawishi cha kukimbia ni kikubwa hapo, na upepo wa bondeni huchangia: ukikusukuma mgongoni unajiona una nguvu mpya, kumbe unakusubiri usoni wakati wa kurudi. Punguza mwendo kwenye makutano ya Conshohocken hata kama huoni gari. Beba maji ya kutosha, tyubu ya akiba inayolingana na tairi lako, vijiti vya kufungulia tairi na pampu ndogo, kwa sababu kati ya mji na mji unaweza kwenda muda mrefu bila kuona duka, na pancha haichagui mahali.

Njia ya mtoni hutawaliwa na mto. Mabaki ya kimbunga Ida yalipopita hapa mwanzoni mwa Septemba 2021, Schuylkill ilifurika kutoka Norristown hadi katikati ya Philadelphia na kuacha matope kila mahali. Mafuriko ya kiasi kile ni nadra, lakini hata mvua kubwa ya kawaida huacha tope jembamba lililokauka juu, ambalo gurudumu likilikanyaga kwenye kona huteleza. Subiri siku moja au mbili. Na unapotaka kujisaidia vichakani au kuegesha baiskeli kwenye majani, epuka mmea wenye majani matatu matatu unaotambaa kwenye miti. Utomvu wake huwasha na kutoa malengelenge, na dawa ya kwanza ni kuosha ngozi haraka kwa sabuni na maji ya baridi.

Valley Forge utaiingia kwa Sullivan's Bridge, daraja la baiskeli na waenda kwa miguu lililofunguliwa mwaka 2016. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la George Washington lilipiga kambi hapo kuanzia Desemba 1777 hadi Juni 1778, na karibu watu 2,000 walikufa kwa maradhi. Ukitaka kuzunguka hifadhi hiyo kwa baiskeli, weka nguvu akiba, kwa kuwa ukishaachana na mto vilima unavipata, tena vya kweli.

Suala la kurudi linapaswa kuamuliwa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu njia hii ni mstari na si duara. Anayeanza asikusudie kilomita 70 kwa siku moja. Kituo cha treni cha Norristown kiko karibu kabisa na njia, kilomita nane hivi kabla ya Valley Forge, na treni za SEPTA, shirika la usafiri wa umma la Philadelphia, zinabeba baiskeli, ingawa saa za msongamano zina masharti yake ambayo ni vyema kuyasoma siku ileile. Wenye miguu iliyozoea wanaweza kupita Valley Forge hadi Mont Clare, ambako kipande kingine cha mfereji bado kina maji na lango namba 60 limekarabatiwa, mradi wakumbuke kwamba huko juu hakuna treni ya abiria, na kwamba kutoka hapo kurudi Norristown ni zaidi ya kilomita 15 za kukanyaga.