Waliorusha mawe Beni hawakuwa wajinga: jibu la aliyekuwepo

Ndugu mwenye uzi ameuliza kwa nini watu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo (DRC), waliwapiga mawe wahudumu wa Ebola, ilhali chanjo ilikuwepo. Naona wengi mmejibu "ujinga tu". Mimi nilikuwa nafuatilia watu waliogusana na wagonjwa pale Beni, na jibu hilo linaniuma.

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Wakati huo tulikuwa na karibu miaka minne ya kuzika ndugu zetu waliochinjwa kwa mapanga. Mara yakaja magari ya wahudumu wa Ebola, misururu kwa misururu. Mtaani Mabolio kulikuwa na mama niliyetakiwa kumpima joto siku 21 mfululizo. Siku mbili za kwanza hakufungua mlango. Ya tatu akanisemesha dirishani: "Mwanangu, tulipochinjwa magari haya yalikuwa wapi? Mjukuu wangu ana malaria, mbona humuulizi?" Mkobani nilikuwa na kipima joto na karatasi. Sikuwa na la kumjibu.

Mwishoni mwa Novemba zikaanza kugawiwa dawa za malaria nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo aliponifungulia, akanipa na kiti.

Basi tungeendelea hivyo! Desemba tukaambiwa Beni na Butembo hatutapiga kura na wenzetu tarehe 30, sababu usalama na Ebola. Masoko wazi, makanisa yamejaa, kura ndiyo iambukize? Watu wakakivamia kituo cha wagonjwa Beni. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa, na Aprili akauawa Butembo Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia. Kumuua daktari hakuna udhuru, nalisema wazi. Lakini hasira haikuanzia kwenye chanjo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 17 Julai 2019, karibu mwaka mzima baadaye. Fedha zilisaidia, na waliochanjwa walipita 300,000. Ila mimi niliyekuwa nabisha hodi niliona vitu viwili vikifungua milango kuliko hotuba zote. Cha kwanza ni waliopona: walikuwa na kinga, wakawalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Cha pili ni vyumba vya wagonjwa vya plastiki angavu, ndugu wanamuona mgonjwa wakiwa nje. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa nyuma ya turubai, na wengi walirudi ndani ya mfuko, basi uvumi wa kuibiwa viungo ungekosaje kuenea?

Yule mama wa Mabolio dada yake aliugua, akalazwa. Nilimsindikiza. Alibandika kiganja kwenye plastiki, dada yake akabandika chake upande wa pili, wakaongea Kinande muda mrefu. Jioni alipita uani kwa majirani akiwaambia: "Nimemuona kwa macho yangu, anakula." Kesho yake nyumba mbili zilizokuwa zikinifungia milango zilinifungulia.