Ofisi ya ushauri wa ajira: usisubiri mahafali

Umeuliza kama kuna faida ya kwenda kwenye ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo ukiwa bado mwaka wa pili wa shahada ya biashara, au usubiri hadi umalize. Nenda sasa, kwa sababu kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu na benki mara nyingi huanza kupokea maombi ya mafunzo kwa vitendo miezi mingi kabla ya nafasi zenyewe kuanza.

Usiende mikono mitupu. Chukua wasifu wako pamoja na tangazo moja la kazi unayoitaka kweli, kisha mwombe mshauri avisome sambamba. Sentensi kama "nilisaidia idara ya mauzo" haimwambii mwajiri lolote, ilhali "nililinganisha ankara na taarifa za benki kila mwisho wa mwezi" inaonyesha kazi uliyoifanya. Omba pia usaili wa majaribio, hata kama utaona haya (na wengi huona). Ofisi hiyo haigawi kazi, lakini aghalabu inawafahamu wahitimu walio tayari kuzungumza na wanafunzi. Mwandikie mmoja wao, umuulize kuhusu shughuli zake za kila siku kabla ya kugusia nafasi yoyote.