Jibu: Pamba inachungulia kwenye kichwa cha mdoli
Mambo dada. Kwahiyo kichwa cha mdoli wako wa kroshia ukishakijaza, pamba inachungulia kwenye matundu eti? Cheki kwanza namba ya sindano yako ya kroshia, mimi nilihangaika sana na milimita 4 kisa ndo lebo ya uzi ilivyosema, kumbe hiyo ni ya masweta, mdoli anataka kubanwa, shuka mpaka 3 au hata 2.5, vidole vitauma kidogo ila utazoea. Halafu pale unapopunguza idadi ya vitanzi, pitisha sindano kwenye nyuzi za mbele tu za vitanzi viwili ndo uviunganishe, tundu linapotea. Na usishindilie pamba kama godoro la sufi! Uzi mweusi ndo mtihani, pamba nyeupe inaonekana upesi, mi huwa natanguliza kipande cha soksi kuukuu nyeusi ndani kabla ya pamba.