Mkuu, acha kumkanda mzee, mpeleke hospitali leo

Mkuu, unauliza mchuaji mzuri na godoro la kumfaa baba yako? Nimesoma uzi wako mara mbili. Mgongo siku ya sita, maumivu yameshuka mapajani, ganzi vidoleni, jana kashindwa kupanda ngazi, na wiki mbili nyuma aliharisha. Hayo yote yalinipata mimi 2019, mpaka huko kuharisha, kumbe ni ugonjwa wa neva (mishipa ya fahamu) unaoitwa Guillain-Barré.

Nilianza na mgongo hivyo hivyo. Usiku ndiyo balaa, shuka likigusa mguu natamani kulia. Jamaa wa duka la dawa, anayeitwa dokta kwa sababu ya koti jeupe, akanidunga sindano ya maumivu: "Umeinua kitu kizito." Kitu kizito nilichokuwa nacho mwaka ule ni madeni! Nikarudi mara tatu, akanidunga mara tatu. Shangazi naye akaleta mchuaji, nikakandwa kama unga wa chapati, na maji ya moto ya chumvi juu. Kwa ganzi ile sikujua kwamba naungua. Kovu la kisigino ninalo. Siku 9 zikaishia hapo. Ya 10 nilienda chooni kwa miguu, nikarudi nimebebwa. Ya 11 pumzi ikawa fupi, nikalazwa ICU.

Huko ndiko nikalisikia jina Guillain-Barré. Kinga ya mwili inageuka kushambulia neva, mara nyingi baada ya kuharisha au mafua. Daktari wa neva akaniambia maumivu yanaweza kutangulia ulegevu kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Yaani mwili ulikuwa unapiga honi, na yule bwana ananiziba masikio kwa elfu tano tano. Nikipita dukani kwake mpaka leo natukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Na wodini msikubali kuambiwa "huu ni wa kulegea tu, hauumi". Unauma! Nesi mmoja aliniona nadeka. Panadol kwangu ilikuwa kama pipi. Nafuu niliipata nilipoandikiwa gabapentini, ambayo ni ya maumivu ya neva. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia hawezi kusema, kwa hiyo mumuulize, ajibu kwa kupepesa macho.

Shika hili moja: mgongo unauma NA miguu inaisha nguvu, ni hospitali yenye mashine ya kupumulia, siku hiyo hiyo. Zahanati hapana, mchuaji hapana. Mwambieni daktari habari ya kuharisha na ya ngazi, ampime magoti kwa kile kinyundo aone kama mguu unaruka. Tiba ipo, dripu ya kingamwili au kubadilishiwa plazma (yale majimaji ya damu), ila inataka kuwahiwa. Mimi niliyechelewa nilikaa miezi 7 kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa hivi mzee anaweza kuinuka kitini bila kushika kitu? Akihesabu kwa pumzi moja anafika ngapi? Nijibu, lakini nijibu mkiwa tayari kwenye gari.