Wota pampu mpya imevuja tena: kwanza angalia ulichojaza kwenye rejeta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, naishi Dodoma. Mwaka jana ilianza kupoteza maji nikabadilishiwa wota pampu. Haijamaliza miezi minane, maji yanadondoka tena upande wa mkanda. Fundi wangu anasema tufunge pampu nyingine, tutoe na themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) ili injini ipoe vizuri, na niendelee kutumia maji ya bomba kwa sababu kulanti (maji maalumu ya rejeta) ni ya nchi za baridi. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Kama maji yanatoka kwenye pampu yenyewe na si kwenye mpira ulio jirani, ibadilishe, kwa sababu pampu ikishaanza kudondosha haijirekebishi. Hayo mengine mawili yakatae. Kwa jinsi ulivyoeleza, maji ya bomba ndiyo ninayoyashuku kwanza kwamba yameiua pampu ya mwaka jana, na yataiua na hii.

Hiyo kauli kwamba kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu imeharibu injini nyingi sana hapa kwetu. Ni kweli kulanti huzuia maji yasigande, lakini hiyo ni kazi yake moja tu. Ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, na bloku na silinda hedi ya 1NZ yako vyote ni aluminiamu, ambayo huliwa polepole na maji yasiyo na dawa hizo. Pia kulanti huchelewesha kuchemka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji hapo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, haifiki 100. Kinachoyazuia maji ya injini yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, pamoja na hiyo kulanti. Mwenye maji matupu na mfuniko uliolegea hana kinga hata moja kati ya hizo mbili.

Sasa njoo kwenye pampu. Shafti yake imezibwa na sili yenye nyuso mbili, moja ya kaboni na nyingine kwa kawaida ya seramiki, zilizosuguliwa hadi zikawa laini kama kioo. Moja inazunguka juu ya nyingine, na kinachozilainisha ni utando mwembamba wa hayo hayo maji yanayopita. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika lako la chai hujijenga pia ndani ya injini. Vipande vyake na kutu huingia katikati ya nyuso zile na kuzikwangua. Pampu mpya ikifungwa kwenye uchafu huo huo itavuja, hata uwe umelipia orijino.

Kwa hiyo kabla ya kuifunga, rejeta na bloku vioshwe hadi maji yatoke meupe kabisa. Gasketi ya zamani ikwanguliwe taratibu bila kuichimba aluminiamu, na fundi asirundike silikoni, maana inayobanwa kuingia ndani hukatika na kwenda kuziba vijia vya rejeta. Mkanda ukazwe kwa kipimo. Ukivutwa kupita kiasi beringi ya pampu ndiyo inayolipa. Mfumo wako unabeba karibu lita 5. Kama kulanti ni ya kuchanganya, weka nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi, soma chupa). Ile ya waridi ya Toyota huja imeshachanganywa, usiiongeze kitu. Na usinunue kwa rangi: kila kiwanda hutia rangi inayoitaka, na dawa zilizomo zinaweza kutopatana.

Kuhusu themostati, kuitoa hakuipoozi injini kama unavyoahidiwa. Kwenye injini kama yako, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, mkato unabaki wazi. Kwenye foleni au mlimani gari linaweza kuchemsha zaidi. Barabara ikiwa nyeupe injini inabaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, na wewe unalalamika kwamba IST siku hizi inakunywa mafuta. Funga mpya, na mfuniko wa rejeta mpya pia.

Kuna jambo jingine, na hili ni kwa kila mwenye gari. Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na kiwanda. Sili ikichoka, maji hutokea hapo ili yasiingie kwenye beringi, nawe upate taarifa mapema. Wapo wanaojiita mafundi wanaokiziba kwa gundi ya chuma na kumwambia mteja "imepona". Wengine humwaga unga wa kuziba matundu kwenye rejeta, kazi ni ile ile. Gundi ikishika, maji hukosa pa kutokea, yanaosha grisi ya beringi, beringi inasaga hadi inakwama.

Kwenye IST mkanda wa nje utakatika na gari litachemsha ghafla. Kwenye Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaooanisha vali na pistoni: mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni na unatafuta injini nyingine. Ndiyo maana kwenye magari ya aina hiyo pampu hubadilishwa pamoja na mkanda wa taimingi, kwani kazi ya kufungua ni moja. Ukinunua gari lililotumika, mulika tochi chini ya pampu. Ukikuta kitundu kimezibwa, usisafiri nalo mbali kabla pampu haijabadilishwa.