Mhusika Wako Ana Miaka Mingapi, na Nani Kasema?

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, filamu zenu za makuzi nimezitazama zote, hata ile iliyokatika sauti katikati. Nimecheka, nimewaonea fahari, halafu nimeudhika. Mvulana kwenu anakua kwa kupanda dhau, kupanda bodaboda, kupanda ukuta wa Ngome Kongwe. Msichana anakua kwa kusimama mbele ya kioo. Kazi baada ya kazi, kioo! Hivi Bagamoyo hii vioo vyote hivyo mmevitoa wapi? Basi someni haya kabla hamjashuti za muhula ujao.

1. Umri wa mhusika uandikwe ukurasa wa kwanza wa skripti, na mwigizaji achaguliwe kwa kuufuata. Katika filamu ya Eighth Grade (2018), Elsie Fisher alikuwa na miaka 14 walipokuwa wakishuti, na chunusi zake zikaachwa zionekane. Katika Lady Bird (2017), Saoirse Ronan wa miaka 22 alicheza binti wa sekondari, na filamu ni nzuri, sibishi. Ila jueni mnachokinunua: mtu mzima akicheza mtoto, kamera inapata uhuru wa kumtazama kwa namna ambayo kwa mtoto wa kweli mngeona haya. Mtazamaji naye anazoea. Na anayetazamwa hivyo mara nyingi ni wa kike.

2. Hili la pili linanihusu, na nalisema kwa shingo upande. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya mwali na kaka yake. Mwali alitakiwa awe na miaka 13. Nikamchukua mchezaji ngoma mmoja hodari, mama wa mtoto mmoja, kwa sababu alijua kulia ukimwambia alie. Tukatundika shuka uwanjani kule Magomeni, watu wakajaa. Dakika ya tatu hivi, bibi mmoja aliyekuwa somo, yaani kungwi wa wali, miaka mingi akapaza sauti: “Huyu mwali wenu mbona ana nyonga za aliyezaa?” Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Kilichoniumiza kilikuja baadaye, watu wakikunja mikeka. Bibi yule akaniita kando. “Mwanangu, ulimwingiza mwanamume na kamera ndani kwa mwali kwa ruhusa ya nani?” Mpigapicha wangu alikuwa mwanamume, nami vilevile. Nikajibu kijinga kwamba ile ni sanaa. Akasema, “Hata sisi ni wasanii, lakini mlango tunaufunga.” Sikuwa na la kujibu. Nikarudi kwenye skripti. Vichwa vya sini, ile mistari inayotaja mahali na wakati, za kaka: NJE, MCHANA. NJE, ALFAJIRI. Vya dada: NDANI, USIKU, karibu vyote. Klozapu, yaani picha za karibu, za kaka: mikono, nyavu, tanga. Za dada: shingo, bega, mgongo. Kaka nilimpa vitendo, dada nikampa viungo, huku nikijinadi kila kona kwamba natetea wasichana! Jambo pekee analofanya yule binti kwa hiari yake mwenyewe katika filamu nzima ni kufungua dirisha. Na hilo nililiweka kwa sababu ya mwanga.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka kwenda lokesheni, someni vichwa vya sini peke yake, mfululizo.

3. Sheria zisomeni pia. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mvulana akasubiri 18. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Humo mna filamu nzima, nanyi mnahangaika na vioo.

4. Boyhood (2014) ilishutiwa kwa vipande ndani ya miaka 12, na kila mwalimu ataisifu. Isifuni. Ila mtazameni Samantha, dada yake Mason, mhusika mkuu. Naye alikua mbele ya kamera ileile, miaka ileile, lakini filamu inatoka na Mason. Mama yao naye anazeeka humo, na kwangu yeye ndiye filamu. Nimeshabishana na wenzangu kuhusu hili mpaka chai ikapoa.

5. Wavulana nao mnawaonea. Moonlight (2016) ina waigizaji watatu kwa mhusika mmoja, na yule wa mwisho anaingia na misuli na meno ya dhahabu, uanaume umevaliwa kama koti la mvua. Wavulana wenu wanakoma pale wanapojifunza kuvuta sigara.

6. Mwigizaji ni mtoto? Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mzazi awepo lokesheni.

7. Na karibu na nyumbani, itazameni Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji. Yasmin kaozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, na kwa desturi ndoa hiyo ingetosha kumfanya mtu mzima. Anamkimbia mume, anakwenda kwa Mwajuma, na kukua kwake kunaanzia hapo, vichochoroni na katika siasa za Zanzibar ya miaka ya 1950. Hesabuni mara anazotoka mlangoni, kisha mhesabu za mhusika wenu.

Anayetaka nimsomee skripti ailete Alhamisi mchana, iwe imechapwa. Yenye kioo ukurasa wa kwanza nairudisha bila kusoma.