Vitz, Passo au IST? Fungua boneti kwanza, usome bamba

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimehamia Dodoma mwaka huu. Naishi Miyuji, ofisi iko Mtumba, kwenda na kurudi ni kama kilometa 45 kwa siku. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda Kondoa kwa wazazi, mimi, mume na watoto watatu, na tukishaacha lami kuna kilometa 9 za vumbi na korongo moja. Nataka gari dogo lililotumika. Nikiuliza wenye magari, kila mtu ana lake: huyu anasema Vitz hainywi mafuta, yule anasema Vitz ni jipu upande wa gia. Passo inatetemeka kama mashine ya kusaga, lakini jirani anaapa ya kwake imetulia. IST wanasema ni ngumu ila inakula. Nimsikilize nani? (Msomaji, Miyuji)

JIBU: Dada, hao wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii gari moja. Jina la Vitz lilianza 1999 na limevaliwa na maumbo matatu tofauti, yenye injini za kuanzia lita 1.0 hadi 1.5, mengine na gia za kawaida za hatua nne, mengine na CVT, yaani gia ya mkanda isiyo na hatua. Mwenye Vitz ya cc 1,000 na mwenye Vitz ya cc 1,500 wakibishana, ni kama wanabishana juu ya mbuzi na kondoo kwa kuwa wote wanafugwa zizi moja.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "inakula kiasi gani", liwe "bamba linasemaje". Magari haya ya Toyota yaliyotoka Japani yana bamba dogo la chuma, mara nyingi kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Msimbo wa modeli una herufi tatu na tarakimu mbili au tatu. KSP90 ni Vitz ya umbo la pili (2005 hadi 2010) yenye injini ya 1KR, lita 1.0, silinda tatu. SCP90 ni umbo hilohilo kwa lita 1.3, NCP91 ni lita 1.5. Passo ya kwanza ni KGC10 ikiwa lita 1.0, QNC10 ikiwa 1.3. IST ya umbo la kwanza (2002 hadi 2007) ni NCP60 kwa lita 1.3 na NCP61 kwa lita 1.5. Kisha shuka kwenye mstari wa TRANS: ukiona msimbo unaoanza na K, mfano K410, hiyo ni CVT. Ukianza na U, mfano U340E, ni otomatiki ya kawaida. Ukianza na C, ni manyua, yaani gia za mkono. Kwa dakika moja umeshajua zaidi ya dalali.

Sasa tuje kwenye safari zako. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani meta 1,120. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. 1KR inatoa nguvu farasi 71 ikiwa pwani, kwa hiyo hapa unabaki na kama 64. Kwa mtu mmoja kwenda Mtumba zinatosha kabisa. Kwa watu watano, mabegi na debe la karanga za bibi kwenye buti, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na lori liko mbele kwenye mlima, hazitoshi, na kulipita lori hilo kunahitaji nafasi ndefu kuliko unavyodhani. 1NZ, injini ya IST ya lita 1.5, ina farasi 109, na hata ukikata asilimia 10 bado una 98. 2NZ, ile ya IST ya lita 1.3, iko katikati, farasi 87.

Mafuta? Gari zima la lita 1.0 kwa mizunguko kama yako hukupa kilometa 14 hadi 16 kwa lita, la 1.5 hukupa 11 hadi 13. Siku 22 za kazi ukijumlisha na Kondoa ni kama kilometa 1,330 kwa mwezi. Kwa kilometa 15 kwa lita unatumia lita 89, kwa 12 unatumia 111. Tofauti ni lita 22. Zizidishe kwa bei kikomo ya petroli inayotangazwa na EWURA mwezi huo, kisha uamue kama kiasi hicho kinastahili kukufanya ubebe familia kwenye gari linalohema. Na tafadhali, ushahidi wa "niliweka ya elfu ishirini nikazunguka wiki nzima" si kipimo. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, sifurisha tripu, endesha kilometa 300 au zaidi, jaza tena pampu ileile, gawanya.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, chaguo langu ni IST NCP61 au NCP60. Injini zake zinatumia cheni, hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha, gia ni hatua nne za kawaida, na vipuri vimejaa kila duka. Kama safari ya Kondoa isingekuwepo, ningekuambia uchukue KSP90 au KGC10 bila kusita.

Jipu la gia ulilosikia ni CVT iliyotiwa haidroliki (mafuta ya gia) isiyo yake. Mkanda wa chuma ndani yake unabana kwenye puli kwa msuguano, na mafuta yake yametengenezwa kulinda msuguano huo. Fundi akimimina haidroliki ya gia za kawaida, mkanda unaanza kuteleza na kuchimba puli. Gari halifi siku hiyo, linakufa miezi kadhaa baadaye, likiwa mikononi mwa mnunuzi. Dalili ni kutetemeka kwa vipindi gari likiondoka hadi kwenye spidi ya 40, mlio wa kuvuma unaopanda pamoja na mwendo, au kuchelewa zaidi ya sekunde mbili kushika ukiweka R au D. Ukiona moja kati ya hizo, ondoka. Usikubali "ni haidroliki tu, itabadilishwa". Ukinunua CVT nzima, badilisha mafuta yake kila kilometa 40,000 kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mtetemo wa Passo ni habari nyingine. Silinda tatu za Passo ya lita 1.0 hazijisawazishi kama nne, hivyo mtetemo mdogo gari likiwa limesimama kwenye D ni wa kuzaliwa. Weka N: ukipungua sana, angalia maunti za injini (mipira inayoishikilia), hasa ya kulia. Ukibaki uleule na taa ya cheki injini imewaka, pima kwa mashine. Kosa P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi vizuri. Kabla ya kununua chochote, fundi ahamishe koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili. Kosa likigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, akague plagi, kisha nozeli. Jirani yako yawezekana alibadilisha maunti tu.

Jambo ambalo wakazi wa Dodoma hulipuuza, na ndilo linaloua injini nyingi hapa, ni maji ya rejeta. Kwa mwinuko huu maji yaliyo wazi huchemka kwenye takribani nyuzi 96, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo unaoshikiliwa na kofia ya rejeta. Mpira wa kofia ukichoka, mgandamizo unapotea, na injini inayofanya kazi kwa nyuzi 90 na kitu inabaki na nafasi finyu mno. Gari lilelile lingevumilia kidogo Dar, hapa linachemsha likifika Chemba. Kofia ni kipuri cha bei ndogo: badilisha siku unayonunua gari, ukizingatia namba ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake. Usijaze maji ya bomba. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, na magamba unayoyaona kwenye birika lako ndiyo hayohayo yanayojenga ndani ya rejeta. Weka kulanti iliyochanganywa tayari, kama lita 5 kwa IST. Kwenye 1KR mulika tochi kwenye pampu ya maji: ukiona ukoko mweupe au wa waridi uliokauka, pampu inavuja. Mengi ya magari haya hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu mambo yakiwa yameshaharibika. Nyekundu ikiwaka, simama papo hapo, usijikongoje hadi gereji.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika shika boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini ya moto inaficha mengi. Ikiwashwa baridi, cheni isisikike ikigonga zaidi ya sekunde moja au mbili. Acha ingurume dakika kumi kisha mtu akanyage mafuta nawe uko nyuma: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na 1NZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa ringi zinazopitisha oili. Kwenye 1NZ oili ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 5W-30, kila kilometa 5,000 kwa mazingira yetu.

Vumbi la hizo kilometa 9 ndilo litakaloamua umri wa injini. Kagua filta ya hewa kila kilometa 5,000, badilisha ifikapo 10,000 au 15,000. Ukiipuliza kwa upepo, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, la sivyo unalisukuma vumbi ndani ya karatasi. Ipo filta nyingine nyuma ya kiboksi cha dashibodi. Kiyoyozi "kilichoisha gesi" mara nyingi kimezibwa hapo.

Kuhusu korongo: magari haya yana kama sentimeta 14 hadi 16 kutoka ardhini bila mzigo, na watu watano wanakula sehemu yake. Utashauriwa uweke spesa, yaani vipande vya kuinulia gari. Usizidishe sentimeta 2.5. Zaidi ya hapo eksili za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali, buti (mipira inayofunika) za CV jointi, yaani viungo vya eksili, zinachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na ndani ya miezi michache unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Shokapu na springi mpya za nyuma zinasaidia zaidi.

Karatasi: namba ya chasi kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye bodi, kagua madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa trafiki, na badilisha umiliki TRA mapema. "Namba D" au "namba E" inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania tu. Gari la 2004 linaweza kuwa na namba E.

Mwisho, soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa jua la Dodoma, tairi lililozidi miaka sita lenye nyufa nitalihesabu kuwa limekufa hata kama kashata bado zimesimama. Hesabu matairi manne na uyatoe kwenye bei kabla hujashikana mkono na muuzaji.